Mistari Sita ya Gurudumu la Kushoto

Kazini wote walimwita Baba Mkwe, hata meneja, hata mlinzi wa getini ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa. Jina lilianza kwa utani. Fundi mkuu wa gereji ile, kijana mtulivu waliyembandika jina la Daktari kwa jinsi alivyotega sikio kwenye injini kabla ya kuigusa, alikuwa amemwoa binti wa mzee huyu. Siku ya kwanza alipomleta kazini alimtambulisha kwa heshima zote kuwa huyu ni baba mkwe wangu, na mafundi wakapata raha ya bure. Tangu hapo mtu akitaka ndoo anaita Baba Mkwe, na mzee anaitika kana kwamba ameozesha mabinti kumi.

Zamani alikuwa mwandishi wa mabango. Nusu ya maduka ya mji ule yalibeba mkono wake: herufi nene zenye kivuli, nyembamba zenye mkia, na mstari mmoja chini ya jina la duka uliovutwa bila rula, umenyooka hadi watu wakabishana kama ni kweli hakutumia rula. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na mzee akajikuta kibarazani kwake akitazama wapita njia. Daktari ndiye aliyemnasua. Alimtafutia kazi ya kuosha na kung'arisha magari, akamweleza huku akitazama pembeni, maana si jambo jepesi kumkabidhi baba wa mkeo ndoo na sifongo.

Na kwa kweli mkwe alikuwa na adabu ya kupitiliza. Hakuwahi kumpa amri. Angesema, "Baba, ukipata nafasi, lile la bluu lina vumbi kidogo," na wote walijua maana yake ni sasa hivi. Mzee naye angejibu kwamba ataangalia ratiba yake, hali ratiba yenyewe ni ile ndoo.

Gereji ile ilitunza magari yasiyoendeshwa. Wenye nayo walikuwa watu wa kukusanya, wengine wanavyokusanya saa au stempu, na magari yao yalilala chini ya mashuka ya pamba yakichajiwa betri kama wagonjwa wenye dripu. Mwezi ule likaja moja lililowanyamazisha hata mafundi wenye maneno mengi. Yalikuwa yametengenezwa kumi na moja tu duniani, kisha kiwanda kikavunja kalibu zake.

Lilikuwa fupi, paa lake halikumfikia mtu mzima kifuani. Mwili wake wote ulikuwa wa nyuzi za kaboni zilizosukwa na kuokwa, na chini ya vanishi ungeweza kuona msuko wenyewe, umepangwa hivi kwamba nyuzi za kulia na za kushoto zilikutana katikati ya boneti kwenye mshono mmoja, bila uzi hata mmoja kupotea. Baba Mkwe, aliyejua mstari ni nini, alisimama mbele ya mshono ule mpaka chai yake ikapoa. Injini ilikaa nyuma ya viti chini ya kioo, silinda kumi na mbili zimejipanga mithili ya vyombo kabatini. Hakukuwa na tundu la urembo. Kila tundu lilikuwa na kazi: hili linavuta hewa ya breki, lile linapoza mafuta, na bawa la nyuma lilijiinua lenyewe gari likishika kasi ili upepo ulikandamize barabarani. Aliyelibuni aliuchukia uzito kama adui. Kanyagio zilitobolewa, boliti zilikuwa za titani, na ndani hapakuwa na mfuko hata wa kuwekea simu.

Ijumaa ya wiki ile angekuja mkaguzi kutoka mbali. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba gari halijaguswa tangu litoke kiwandani, na neno hilo moja, "halijaguswa", ndilo alilokuwa akiliota mwenye gari. Meneja, mwanamke mwembamba aliyetembea haraka hata akienda kukaa, alikuwa ameshika kichwa tangu Jumatatu.

Jumatano gari lilikuwa juu, limeinuliwa kwenye mashine, na Baba Mkwe chini yake na kitambaa na chupa ya thina. Alitaka mkaguzi akiinama akute chini kunang'aa kuliko juu. Nyuma kushoto, kwenye mikono ya chuma inayoshika gurudumu, aliona michirizi ya rangi nyeupe juu ya boliti. Rangi imewadondokea watu, akajisemea, kiwanda kizima hakuna mwenye kitambaa. Akafumba macho thina isimwingie, akasugua boliti zote sita kwa kupapasa. Zikang'aa kama meno ya mtoto.

Alikuwa anahamia kulia meneja alipopita na karatasi zake. Akamsihi kwa upole awe mwangalifu na ile mistari myeupe kwenye boliti, asije akaigusa. Hiyo, akaeleza, ilichorwa kiwandani na fundi aliyefunga kila boliti kwa mkono wake, nusu ya mstari juu ya boliti na nusu kwenye chuma kilicho kando. Mkaguzi ataanzia hapo. Kuna gari huko mahali lilikosa mistari mitatu tu na likaandikwa kuwa limeguswa, na gereji iliyokuwa inalitunza haikuletewa tena gari la maana.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema Baba Mkwe.

Meneja akaenda zake. Mzee akabaki na kitambaa mkononi. Hakujifikiria yeye kwanza, tumpe haki yake. Alimfikiria mkwe aliyemleta, aliyemdhamini kwa jina lake, ambaye kesho kutwa angesimama mbele ya mkaguzi akiulizwa mistari imekwenda wapi. Aibu ya baba mkwe kumwaibisha mkwe haina mfano wake, unaweza kuhama mji.

Jambo rahisi lilikuwa kwenda kusema. Alikwenda hadi mlango wa ofisi akamkuta Daktari kwenye simu, akarudi. Akaenda mara ya pili, Daktari akamwinulia mkono kwa heshima, subiri kidogo Baba, na mzee akasema hapana shida, hakuna kitu. Na kweli njiani akirudi kikamjia kitu. Kwenye mfuko wa begi lake bado alitembea na brashi yake nyembamba ya zamani, na kabatini mlikuwa na rangi nyeupe.

Akatazama upande wa kulia, ambao hajaugusa. Mistari sita, yote imenyooka, kutoka boliti kwenda kwenye chuma bila kukatika. Akainakili kushoto. Mkono ulikuwa haujasahau. Akaichora mmoja mmoja, upana uleule, mwisho wenye kiulimi kilekile pale fundi wa kiwandani alipoinua brashi yake. Akaipuliza ikakauka, akaufifisha weupe wake kwa kidole chenye vumbi na mafuta kidogo. Alipomaliza, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Ilikuwa miaka mingi tangu achore kitu.

Raha hiyo haikufika jioni. Alirudi nyumbani, mkewe akamwuliza mara tatu kama anaumwa. Chakula hakikupita. Alihesabu mistari kichwani, akaona wa tatu umenenepa, akaona hapana, akaona ndiyo.

Alhamisi asubuhi alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Siku hiyo Daktari angelitoa gari barabarani, mara moja tu kabla ya ukaguzi, ahakikishe bawa linainuka. Kabla ya kulishusha kutoka kwenye mashine alilizunguka chini na tochi, kama desturi yake, akisimama kwenye kila boliti. Baba Mkwe alikuwa akifuta kioo ambacho alikwisha kukifuta. Tochi ilipita mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia. Nyuma kushoto ikatulia. Ikatulia mno. Mzee akawa anasubiri jina lake.

"Safi," akasema Daktari, akazima tochi.

Gari likashushwa. Mlango ukainuka juu kama bawa la mbawakawa, Daktari akajikunja akaingia, na injini ikawaka kwa sauti ambayo Baba Mkwe aliisikia zaidi kwenye mbavu kuliko masikioni. Kisha likatoka getini, pole pole, tumbo lake chupuchupu liguse lami. Kutoka pale hadi barabara kuu palikuwa na matuta saba, na kwa kila tuta gari lilipaswa kusimama, kubonyezwa kitufe, pua yake iinuliwe na mafuta yaliyo ndani ya miguu ya mbele, kisha livuke kwa adabu, kama mtu anayeingia ukweni. Huko mbele baada ya tuta la saba ndipo pangekuwa na nafasi ya kukanyaga.

Baba Mkwe akashusha pumzi. Imepita, akawaza. Wakati huohuo akaingia Msomi.

Msomi alikuwa fundi msaidizi, mwenye diploma na mdomo, ila siku hiyo mdomo ulikuwa umevimba upande mmoja. Jino lilikuwa limemrudisha nyumbani Jumatatu mchana na kumlaza siku mbili. Akatazama mashine tupu, akauliza gari liko wapi. Meneja akamjibu kwamba Daktari ametoka nalo.

"Ametoka nalo? Nani amezifunga boliti zangu?"

Meneja akauliza boliti gani. Msomi akaeleza kwa shida, ameshika shavu, kwamba Jumatatu alilegeza boliti mbili nyuma kushoto ili apime mkao wa gurudumu, akazirudisha kwa vidole tu. Spana ya kupimia nguvu ilikuwa imepelekwa kukaguliwa, na bila spana ile hakuna boliti ya gari lile inayokazwa. Hakumwambia mtu kwa sababu pale hakuna anayemwambia mtu. Boliti ikilegezwa, nusu ya mstari inazunguka nayo, mstari unakatika, na ikikazwa kwa kipimo kilekile cha kiwandani unaungana tena; na Daktari haliruhusu gari kushuka hata siku moja kama kuna mstari uliokatika. Ndiyo maana ya kuzunguka na tochi.

"Basi atakuwa ameziona akazikaza," akasema meneja.

Msomi akanyoosha kidole mezani. Spana ilikuwa imerudi jana jioni. Ilikuwa ndani ya sanduku lake, na lakiri ya karatasi haijachanwa.

Baba Mkwe alikuwa hatua nne kutoka kwao, karibu na ndoo. Alielewa yote kwa mara moja. Mistari miwili kati ya ile sita aliyoisugua amefumba macho ilikuwa imekatika, na yeye akainyoosha. Aliinyoosha vizuri sana.

Kutoka nje ilisikika sauti ya gari ikishuka, ikinguruma chini chini, kisha ikipanda tena. Tuta la kwanza.

Akainama akachukua kitambaa kutoka kwenye ndoo. Akakikamua. Meneja alikuwa akisema labda Daktari ana spana nyingine, na Msomi akitikisa kichwa. Labda anayo, akawaza Baba Mkwe. Labda boliti ziliota kutu kidogo zikashika. Titani haioti kutu, alikuwa amesikia hilo wakisema, lakini akaliwaza hivyo hivyo. Akakikunja kitambaa mara mbili, kingo zikakutana. Sauti ikashuka, ikapanda: tuta la pili. Nusu saa tu, akawaza, nusu saa atakuwa amerudi, Msomi atazikaza, na hakuna kitakachojulikana na yeyote, wala mkaguzi, wala mkwe. Kitambaa kilikuwa hakijakaa sawa. Akakikunjua, akakikunja upya, akabonyeza ncha kwa kidole gumba. Sauti ikashuka. Ikachukua muda kupanda. Akauona uso wa binti yake, si kwa kupenda, ulikuja wenyewe. Tuta la tatu.

Akakiweka kitambaa ukingoni mwa ndoo.

"Mistari nimeichora mimi," akasema. "Niliifuta jana nikaichora upya. Hazijakazwa. Msimamisheni."

Meneja alimtazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Kisha akashika simu akapiga, na simu ya Daktari ikalia palepale, ndani ya droo ya ofisi, kwa kuwa ndani ya gari lile hapakuwa na pa kuiweka. Msomi alikuwa tayari amepanda pikipiki yake. Mzee, ambaye kwa kawaida hupanda ngazi kwa kushika ukuta, alirukia nyuma ikiwa inaondoka.

Walipita tuta la kwanza hewani. Baba Mkwe alikuwa amemkumbatia Msomi kiunoni, akipiga kelele za jina la mkwe ambalo upepo uliliondoa mdomoni. Tuta la nne hawakuona gari. La tano hawakuona. Walisikia tu sauti ile mbele yao ikishuka na kupanda, na mzee akajikuta anaomba kwa sauti kwamba yaongezwe matuta, yajae barabara nzima mpaka mwisho wa dunia.

Walilikuta kwenye la saba. Wapakizi wa ghala la karibu walikuwa wamelizunguka wakipiga picha, na Daktari, mtu wa adabu, alikuwa akiwasubiri wamalize huku pua ya gari imeinuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari juu ya tuta. Baba Mkwe alishuka pikipiki haijasimama, akaanguka kwa goti, akainuka, akajitupa mbele ya boneti na viganja vyote viwili juu ya ule mshono wa kaboni.

Injini ikazimwa. Mlango ukainuka.

"Baba, kuna nini? Mama yuko salama?"

Mzee alimwambia. Alimwambia hapohapo, mbele ya wapakizi, hakuacha kitu kuhusu thina wala brashi. Daktari alisikiliza bila kubadilisha uso. Kisha akazunguka nyuma, akalala kwenye lami na shati lake safi, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Alipoutoa, katikati ya vidole viwili alikuwa ameshika boliti. Nzima. Ilikuwa imetoka kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa.

Akakaa juu ya tuta. Akaigeuzageuza boliti kiganjani.

"Ningekuwa kwenye mia na themanini hapa mbele," akasema, bila kumwambia mtu.

Gari lilirudishwa juu ya lori. Ijumaa meneja alimwambia mkaguzi ukweli wote kabla hajaulizwa, na mkaguzi akaandika kwamba boliti sita zimeguswa. Mwenye gari akafoka kwenye simu kwa muda ambao meneja alishusha simu mezani, akanywa maji, akaiinua tena, akamkuta bado anafoka. Lakini gari halikuondolewa pale. Meneja alitaka Baba Mkwe akae nyumbani mwezi mmoja, Daktari akamwomba apunguze, ikawa wiki. Kazi ikabaki.

Kilichomkosesha raha mzee kilikuwa kingine. Msomi, jino lilipopoa, aliigeuza hadithi. Katika hadithi yake mzee alishtuka papo hapo, akatupa ndoo, akaruka pikipiki kama kijana wa miaka ishirini. Mafundi walimpigia simu nyumbani kumpongeza. Mlinzi alisema mwanamume ni yule anayekubali kosa bila kuvutwa. Hata meneja, alipofikiria, alikumbuka kwamba mzee alisema mara tu Msomi alipomaliza kueleza, kwa sababu yeye alikuwa akitazama lile sanduku la spana na hakuwa akitazama ndoo. Hakuna aliyekuwa shahidi wa yale matuta matatu.

Jumapili binti alimwita kwake. Mkwe alikuwa amelala sebuleni kwenye kochi, mdomo wazi, kitabu kimemwangukia kifuani. Binti alikuwa jikoni akimenya viazi, na baba yake akavuta kigoda akakaa mlangoni, mahali ambapo angeweza kuwaona wote wawili. Wakazungumza habari za goti lake, habari za mama. Kisha binti akaweka kisu chini.

"Baba, sikukasirikii. Nataka ujue hivyo. Kosa limetokea, lakini ulipojua tu, ulisema palepale. Wangapi wangesema?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na alikuwa akitabasamu. Kilichotakiwa ilikuwa kuinamisha kichwa tu, na Baba Mkwe alikwisha kuanza kukiinamisha.

"Sikusema palepale," akasema.

"Ulisema, Baba. Wameniambia."

"Nilikunja kitambaa kwanza." Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Nilijua, na nilikuwa namsikia anavyokwenda. Nikakunja kitambaa. Nikaona hakijakaa sawa, nikakikunjua, nikakikunja tena."

Binti alimtazama. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye beseni, na hakuna aliyeinuka kufunga bomba. Alifuta mikono kwenye gauni, akampita baba yake mlangoni bila kumgusa, akaenda kukaa chini karibu na kochi, akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe aliyelala.